Zamu Niliyompa Déo

Habari za kifo cha Déo zilinikuta nachambua maharagwe mlangoni, na wazo la kwanza lililonijia halikuwa la Kikristo. Niliwaza: basi, shahidi wangu amekwenda. Jirani aliyeniletea habari, mama mmoja wa kwaya, alisimama mbele yangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nsimire, moyo yake ilisimama tu kule Bulaya, iko ku kazi," aliniambia. "Mutoto wa bantu, ee Mungu!" Nilimpa pole, nikaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe mpaka yakaisha, kisha nikajifunga kitenge nikaenda kwa Mama Déo. Matanga ni matanga, na mtu hasusi matanga hata kama marehemu amekufa na chako. Njia nzima nilikuwa nimekasirika kwamba Déo amekufa kabla ya kusema lile neno moja nililolingoja miaka yote. Nikajionea haya kumkasirikia maiti. Halafu nikakasirika tena.

Sitasimulia nilivyotoka Bukavu. Hadithi hiyo nimewasimulia maofisa mara nyingi mpaka imechakaa, na kila mtu hapa Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi nchini Malawi, anayo ya kwake, haina bei. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule wa chumba cha Mama Sifa, kwa sababu mwaka huo ndio ulionifanya niwe mtu huyu mnayemwona, mwanamke mwenye mvi anayefundisha watoto wa watu hesabu kwa malipo ya unga na sabuni, na ambaye majirani husema ulimi wake una pilipili. Ulimi wangu haukuzaliwa na pilipili. Nilikuwa binti mcheshi, tena mwepesi wa kucheka kuliko wote mle chumbani.

Mama Sifa alikuwa mshonaji kutoka Uvira, mwanamke mnene wa sauti kubwa, na chumba chake cha matofali mabichi kilikuwa karibu na soko la kambi. Ndani mlikuwa na cherehani mbili za kanyagio, pasi ya mkaa, marundo ya vitenge, na kwenye kona yetu televisheni kuukuu yenye mgongo mnene tuliyoitumia kama kioo cha kompyuta. Umeme tuliuvuta kwa waya kutoka kwa jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikianza kusaga, picha kwenye televisheni ilitetemeka na maandishi yetu yakawa kama yanacheza, nasi tulikaa mikono mapajani tukingoja debe la mtu liishe. Mabati ya paa yalitoa joto la kutisha. Nyuma ya pazia la kitenge walikaa wanawake waliokuja kupimwa nguo, na mazungumzo yao tuliyasikia yote, nani ameachwa, nani amejifungua, na zaidi ya yote, jina la nani limetoka kwenye ubao wa wanaokwenda kuhojiwa ili wapelekwe nchi za mbali. "Jina yake imetoka!" mmoja angesema, na cherehani zote zingenyamaza. Nikikumbuka hilo leo nacheka cheko baya. Ukweli wote tuliouhitaji ulikuwa unasemwa nyuma ya pazia, na sisi watatu wenye akili tulikuwa tumeinamia televisheni.

Watatu hao walikuwa mimi, niliyesoma hisabati mpaka vita viliponikatiza. Ezekieli wa Fizi, kijana mkimya ambaye msimu wa tumbaku alifanya kibarua kwenye maghala ya Kanengo na kurudi akinuka tumbaku mpaka kwenye nywele. Na Déo, wa Bukavu kama mimi, mrefu, mwenye meno mazuri na Kiingereza kitamu kuliko chetu. Aliniita yaya, dada mkubwa, kwa kuwa nilimzidi umri kidogo. Tulikuwa na kompyuta moja, kibao kidogo cha kijani kinachoenea kwenye kiganja, kisicho na kioo wala kibodi, kilichoachwa na mgeni mmoja aliyekuja kufundisha vijana kisha akarudi kwao. Na Déo ndiye aliyegundua kwamba kwa kibao kile mtu anaweza kula. Mtandaoni kulikuwa na ukurasa ambapo watu wa nchi tajiri walitangaza zawadi: atakayeifanya programu fulani ikubali kufanya kazi kwenye vibao vya namna hii, atalipwa kiasi fulani. Programu zenyewe zilikuwa huria, yaani maandishi yake yamewekwa wazi, kila mtu anaruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa zenye nguvu, na ukizipandikiza kwenye kibao chetu zilikufa au zilitambaa. Kuzirekebisha mpaka zitembee ndiyo ilikuwa kazi. Sisi zawadi hizo tuliziita primu, kama ile nyongeza ya mshahara kwetu Kongo. Mama Sifa alitucheka. "Mulikimbia kwenu mikono mitupu," alisema huku sindano ziko mdomoni, "na leo munahamisha bintu bya bengine. Hamisheni basi na hii joto ya mabati!"

Ni yeye aliyetutungia sheria, na simlaumu, kwa sababu alitupa sheria nzuri kuliko zote alizozijua. Kila mwanamke Dzaleka yumo kwenye likelemba: mnachanga wote, mmoja anachukua chote, mara nyingine anachukua mwingine, mpaka duru imalizike. Tulipoanza kugombana nani kafanya zaidi kwenye primu ya kwanza, Mama Sifa alizima cherehani. "Ku likelemba hatuulizake nani alitoka jasho mingi," alisema. "Tunaulizaka tu, leo njo zamu ya nani? Fanyeni vile, mutakaa mu amani." Tukafanya vile. Kazi tuliifanya wote, lakini kila primu ilipelekwa kwa jina la mwenye zamu, na yeye ndiye aliyekula. Sisi wakimbizi hatukuwa na akaunti ya benki. Fedha ilipitia kwa Bambo Banda, fundi wa simu na redio mwenye duka lake Area 49 kule Lilongwe, mtu mwaminifu ambaye hakuwahi kutukata hata tambala, ile senti ya Malawi. Ezekieli alikula ya kwanza, akamnunulia mkewe godoro. Jina lililoandikwa juu ya kazi tuliliona kama kikapu tu cha kubebea zawadi. Anayekwenda sokoni leo ndiye anayebeba kikapu. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa watu wale fedha ndiyo ilikuwa kikapu, na jina ndilo lililobebwa.

Zamu ya pili ilikuwa yangu, na primu iliyokuwepo ilikuwa kubwa kuliko zote. Chama kimoja cha wasioona huko ng'ambo kilitaka programu ya kusoma maandishi kwa sauti ifanye kazi kwenye vibao vidogo, ili kipofu maskini apate kusomewa bila kompyuta ya ghali. Tuliipandikiza, tukaunganisha spika ya redio, na kibao kikatoa sauti ya mtu anayekabwa koo. Kiligugumia. Neno moja lilichukua muda wa kusuka nywele nusu kichwa. Wanawake nyuma ya pazia walipiga ishara ya msalaba. Mimi ndiye niliyeona ugonjwa ulipo: sauti ilipigiwa hesabu kwa desimali, na kile kibao hakikuumbwa kwa desimali, kila moja ilikitoa jasho. Nikaanza kuziondoa zote. Badala ya mita moja na nusu, unasema sentimita mia na hamsini. Hesabu ni ile ile, lakini namba ni nzima. Kulisema ni rahisi. Kulifanya kulikula masika yote. Niliandika upya kurasa kwa kurasa, nikapanga namba katika majedwali kwa mtindo wangu, safu nne nne zenye nafasi katikati, na kila hatua nikaiachia mstari mtupu chini yake ili ipumue. Ezekieli alijaribisha, Déo aliandikiana na wenye zawadi. Lakini ile kazi ilikuwa yangu, na wote walijua. Mama Sifa alikuwa akiniwekea bugali na usipa, dagaa wa ziwani, pembeni, akiwafukuza wengine: "Acheni akule. Yeye njo iko na mimba ya ile mashini."

Siku iliposema ilikuwa mchana, kinu kimenyamaza kwa sababu mwenyewe alikwenda Dowa. Niliiandikia sentensi ya kwanza iliyonijia: maji imefika, lete ndoo. Ikaisema yote, bila kugugumia, kwa sauti kavu ya mwalimu mwenye mafua. Nyuma ya pazia mama mmoja akainuka kweli kutafuta ndoo. Tulicheka mpaka Mama Sifa akajichoma kidole na sindano. Sijawahi kufurahi tena namna ile, na nasema hivi nikiwa nimeolewa, nimezaa na kuzika. Déo alinibeba juu kama mtoto, akazunguka nami kati ya cherehani. "Yaya, uko jeni!" alipiga kelele. "Uko jeni kabisa!" Neno hilo, la Kifaransa la mtu mwenye akili za ajabu, alilisema yeye, kwa mdomo wake. Waliolisikia wakajua maana yake ni watu wawili. Mama Sifa alichukuliwa baadaye kwenda nchi ya baridi, hatujasikiana tena. Ezekieli alirudi Fizi na simu yake haiiti. Hao wawili na Déo ukiwatoa, abaki nani?

Kabla hatujapeleka kazi, Déo alikuja asubuhi akiwa hajaoga, akachuchumaa karibu na stuli yangu. "Yaya, mama yangu iko ku lopitali, Bukavu. Banasema bataipasula tumbo yake, lakini bila feza hakuna mutu atashika kisu. Minakuomba zamu." Hapa watu wa nje hawanielewi nikiwasimulia, kwa hiyo nieleze. Kwenye likelemba, mtu akipatwa na msiba au ugonjwa, mwenye zamu humwachia. Halijadiliwi. Ukikataa, jina lako litatembea soko zima, na siku yako ikifika hutakuwa na mtu. Isitoshe, nilimpenda Déo kama ndugu, na mama anayelia tumbo alikuwa mama. "Kamata," nilimwambia. "Yangu itafika." Mama Sifa alinipiga bega, akasema hiyo ndiyo roho ya mtu. Kazi ikaenda kwa jina la Déo. Fedha ikafika kwa Bambo Banda, ikavuka mipaka, na yule mama akapasuliwa, akapona. Sijutii hata senti moja ya fedha ile. Ukinisikia nalalamika, usidhani nalalamikia fedha.

Kisha barua ikaja. Chama kile kilipendezwa, kikamtaka mwandishi wa kazi aende kwao, ajifunze zaidi na kuajiriwa, wao watashughulikia karatasi zote za safari. Ila kwanza watamhoji kwa simu ya video, aeleze jinsi alivyotatua jambo la desimali. Déo alinisomea barua hiyo dukani kwa Bambo Banda, akitafsiri polepole, na nilipomtazama usoni niliona kwamba ameshaondoka. Nilichokifahamu muda ule, kwa kuchelewa, ni kwamba jina limetoka kwenye ubao, na si langu. Ningeweza kusema. Lakini niseme kwa nani? Tuliandika wenyewe kuwa kazi ni ya Déo. Tungesema tulidanganya, wangeitupa kazi pamoja na watu wake. Déo aliona ninachofikiri. "Mi nikifika, njo nitabavuta," alisema. "Mutu moja akipita mu mulango, anaachaka mulango wazi." Basi nikamfundisha. Kwa wiki kadhaa tulikaa kwenye kona ya duka lile Area 49, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, tukinywa chai na mandasi za mke wa Bambo Banda, nami nikamweleza kazi yangu mstari kwa mstari: kwa nini safu nne, kwa nini pale nilizidisha na pale niligawa, kwa nini mstari mtupu. Alikuwa hodari wa kukariri. Bambo Banda, aliyekuwa akitusikiliza huku anayeyusha risasi kuunga waya, aliniuliza siku moja, Déo akiwa nje, kama kwetu ni kawaida mwanafunzi kusafiri na mwalimu kubaki. Nilimwambia zamu ilikuwa yake. Akatikisa kichwa, akasema zikomo, asante ya kwao, kama mtu aliyepewa kitu asichokitaka.

Déo alihojiwa, akafaulu, akaondoka. Tulimsindikiza kwa nyimbo. Nami nikarudi chumbani kwa Mama Sifa nikiwa na tumaini, nalisema bila aibu. Zamu yangu ilikuwa bado ipo, na chama kile kile kilikuwa kimetangaza primu nyingine, sauti ile sasa isome lugha zenye maneno marefu kama yetu. Nani duniani angeiweza kuliko mimi? Ezekieli alinisaidia kadiri alivyoweza akitoka Kanengo, tukaimaliza, na safari hii juu ya kazi niliandika jina langu kamili, herufi zote, nikalitazama muda mrefu. Jibu lilikuja nikiwa dukani kwa Bambo Banda. Walisema kazi ni nzuri, lakini mkono ulioiandika ni mkono wa Déo: safu zile zile nne, mistari mitupu ile ile. Walisema inaonekana nimechukua kazi yake na kuipachika jina langu, na kwa kuwa yeye sasa ni mtu wao, wamemuuliza. Chini yake waliweka jibu la Déo. Lilikuwa fupi. Kwamba ananifahamu. Kwamba nilikuwa mwanafunzi wake kambini. Kwamba huenda nimechukua mtindo wake bila kukusudia mabaya. Jina langu likafutwa kwenye ukurasa wao, na kila nilipojaribu kurudi mlango ulikuwa umefungwa. Nimeshaitwa mengi maishani, mkimbizi, mgeni, mtu wa kuja. Kuitwa mwizi wa kazi yangu mwenyewe ni jambo la pekee. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hachagui maneno.

Alinipigia mara moja, kupitia simu ya Bambo Banda. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, akaniwahi. "Yaya, nikisema haikukuwa kazi yangu, batanirudisha," alisema, na alikuwa analia, sitamnyima hilo. "Na mama, nani atamutunza?" Nikamuuliza, na mimi je? Nikasikia magari ya kule yanapita. "We uko na akili, yaya. Utafanya ingine. Na siku moja nitasema. Nikikuwa na nguvu, nitasema." Nilikata simu. Nilingoja siku hiyo moja mwaka huo, na uliofuata. Ezekieli aliacha vibao, akabaki na tumbaku. Mama Sifa aliitwa kwenye ubao. Nami nikaolewa, nikafunga mambo ya mashine kwenye kitambaa. Bukavu ilipochafuka tena, mama wa Déo alikimbilia Dzaleka, akapewa nyumba mtaa wa pili kutoka kwangu. Tulifahamiana kisimani. Alinipenda, alinipa miche ya lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Hakujua chochote, na kila nilipotaka kumwambia nilimwona anashika tumbo lake pale kwenye kovu akiinua ndoo.

Siku ya kumaliza matanga ua wa Mama Déo ulijaa. Mezani, kando ya picha yake akiwa na koti la baridi, walikuwa wameweka kibao cha kijani juu ya kitambaa cha kufumwa. Ndicho Déo alichomtumia mama yake miaka michache nyuma, macho ya bibi yalipoanza kuingia ukungu, kimsomee Biblia. Mchungaji alisimulia maisha ya marehemu: jinsi kijana wa kambi, kwa kipaji alichojaliwa, alivyokifanya kitu kile kiseme, akawafungulia vipofu wa dunia kitabu. Watu wakasema amina. Kisha akataka mashine isome zaburi, ili tuagane na Déo kwa sauti ya kazi ya mikono yake. Wakabonyeza. Kimya. Wakabonyeza tena. Vijana wawili wakahangaika na waya, na mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba nayo imekufa na mwenyewe. Mama Déo akainua uso kuelekea mahali alipodhani nimekaa. "Nsimire iko?" akauliza. "Mutoto alisemaka ni mwanafunzi yake. Aje aangalie."

Nilisimama. Ua mzima ulinitazama. Niliomba kompyuta ya mchungaji, nikaunganisha, na maandishi yakafunguka mbele yangu: safu nne nne, mistari mitupu inapumua, na juu kabisa jina la Déo. Nilikuwa kama nimekutana na mtoto wangu mkubwa akiwa na jina la ukoo mwingine. Ugonjwa niliujua kabla sijautafuta. Vibao vile havina betri ya kukumbuka tarehe. Umeme ukikatika vibaya, kikiamka kinadhani bado ni mwaka ule kilipotengenezwa, na programu inagoma. Vidole vyangu vilikaa juu ya kibodi. Ningeweza kukiacha bubu. Ningeweza kugeuka na kusema maneno mawili tu, mbele ya kanisa na picha ya marehemu asiyeweza kujibu. Bibi alikuwa amekaa mkekani, kiganja chake kiko tumboni, pale pale. Nikaweka tarehe ya leo, nikabonyeza, na sauti kavu ya mwalimu mwenye mafua ikaanza zaburi, haigugumii hata neno. Ua ukalipuka kwa vilio. Nami nililia, tena kwa sauti, hata wanawake wawili wakaja kunishika mabega na kuniambia pole kwa kumpoteza mwalimu. Mama Déo alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akauinua juu wauone wote.

"Munaona?" alisema. "Mutoto yangu alimufundisha muzuri."